Michoro Iliyorukwa

Kila akitoka shule, Chapchap alipitia kwanza kwenye chumba cha kazi cha shangazi yake. Aliokota mabaki ya nyuzi sakafuni, akapanga vitambaa, ndipo akala. Jina hilo alibandikwa na shangazi mwenyewe, maana mtoto huyo alifanya kila jambo mbio mbio, hata kupiga mswaki. Shangazi alikuwa fundi wa darizi. Michoro yake yote ya maua, ndege na nembo ilikuwa ndani ya kompyuta kuukuu iliyonguruma mezani kama mgonjwa wa kifua.

Siku hiyo alimkuta shangazi akifuta vumbi kompyuta nyingine, ya mtumba pia, lakini yenye afya.

"Hii ya zamani haina siku nyingi," shangazi alisema. "Inazimika ovyo, na flashi haisomi tena. Mzee wa vyuma chakavu anakuja kuichukua jioni. Utaweza kunihamishia michoro?"

"Niachie mimi, shangazi! Mwalimu wa kompyuta alitufundisha. Tunaziunganisha kwa waya, kisha hii mpya inanakili kutoka kwa ile ya zamani."

Akachomeka waya, akarekebisha hiki na kile, na michoro ikaanza kuhama. Tatizo lilikuwa kishikizo cha waya. Kilivunjika zamani, kwa hiyo kila cherehani ya shangazi ilipotikisa meza, waya ulilegea na kazi ikakatika. Hapo kompyuta iliuliza: ijaribu tena, au iruke faili hilo? Mwanzoni Chapchap alijaribu tena. Kisha akawasikia wenzake wakiruka kamba nje, wakimwita. Akaanza kubonyeza "ruka" kila alipoulizwa.

"Tayari, shangazi! Yote imehamia."

"Hata waridi la marehemu mama?"

"Yote," akajibu, akatoka mbio.

Lakini kamba haikumnogea. Mara mkokoteni ukasimama mlangoni, na mzee wa vyuma chakavu akaibeba kompyuta ya zamani.

"Beba tu, mzee wangu," shangazi alisema kwa furaha. "Binti yangu huyu amehamisha kila kitu. Mimi nikimwamini mtu, ni huyu."

Chapchap aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto. Akatamani ardhi ipasuke, kisha akapiga moyo konde.

"Mzee, subiri! Shangazi, nimekudanganya. Mingine niliiruka. Sijui hata ni ipi."

Macho ya shangazi yalikuwa kwenye ile kompyuta, na Chapchap alijua anafikiria lile waridi, ambalo bibi alilichora mwenyewe kabla hajafariki.

"Kumbe chuma hiki bado kina wenyewe!" mzee alicheka, akakirudisha mezani. "Ngoja nizunguke mtaa wa nyuma. Nikirudi mtaniambia."

Chapchap hakusubiri kuambiwa. Aliufunga waya kwenye tundu lake kwa uzi wa darizi, akauzungusha hadi ukakaza. Shangazi akazima cherehani. Kompyuta ya zamani ilizimika, Chapchap akaiwasha. Ikazimika tena, akaiwasha tena. Alilinganisha mafolda ya huku na ya kule, na kila mchoro uliohama aliufungua autazame mwanzo hadi mwisho. Wenzake walipochungulia dirishani, aliwapungia mkono tu.

Waridi ndilo lililomtoa jasho. Lilifika nusu, likakatika. Likakatika tena.

"Acha, mwanangu," shangazi alisema kwa sauti ya chini. "Pengine limeshakwenda."

"Bado, shangazi. Nipe uzi mwingine."

Akakaza waya, akaushikilia kwa mkono wake, asithubutu hata kukohoa. Safari hii faili lilifika. Alipolifungua, waridi lilitokea petali moja baada ya nyingine mpaka likakamilika. Shangazi alifuta machozi kwa upindo wa kanga, kisha akamvuta karibu.

"Sikia, mwanangu. Kuruka kazi ni uvivu, na uvivu nimeuona kwa wengi. Kusema 'tayari' wakati hujamaliza ndiko kulikoniuma, kwa sababu mimi nililifuata neno lako. Lakini ulisema kweli wakati kompyuta bado ipo. Ungeona haya hadi kesho, kweli yako isingenisaidia kitu. Ukikosea, sema mapema, kisha kaa chini urekebishe."

"Nisamehe, shangazi."

"Nimekusamehe."

Mkokoteni ukarudi. Mzee akachungulia ndani. "Haya, mama fundi, nibebe au nisibebe?"

Shangazi hakuitazama hata kompyuta. "Muulize binti yangu," alisema. "Atakalosema yeye ndilo hilo."

Chapchap aliirudia michoro, akaifungua mmoja mmoja bila haraka, na mzee akangoja.

"Sasa beba," akasema.