Mwasumini Unaonukia Kitunguu Saumu

Kaeni vizuri. Hadithi hii inanukia kitunguu saumu. Atakayepiga chafya, shauri yake.

Zamda ana miaka sita. Anaishi Tanga na bibi yake, Bibi Mwanakheri. Nyuma ya nyumba yao kuna bustani. Ni ndogo kama mikeka miwili.

Kuna mrehani ndani ya sufuria iliyotoboka. Kuna waridi ndani ya debe. Na pembeni kabisa, karibu na mlango wa jiko, kuna mwasumini wa Zamda.

Mwasumini huo Zamda aliupanda mwenyewe. Wakati huo ulikuwa kijiti tu. Alikichomeka ardhini. Akakimwagilia maji. Kila asubuhi akakiamkia, “Shikamoo.”

Kijiti hakikuitikia hata siku moja.

Sasa mwasumini umekuwa mkubwa. Una majani, majani, majani. Maua hauna. Hata moja la kusingizia.

Na Bibi anayataka maua yale kwa ajili ya kikuba. Kikuba ni kifurushi kidogo cha asumini na rehani. Bibi hukifunga kwa uzi, akakibandika kifuani, akanukia mpaka mtaa wa pili.

Jumatatu Bibi akauchungulia mwasumini. Akainua tawi hili. Akainua tawi lile. Kisha akashika kiuno.

“Ijumaa nang'oa,” akasema. “Napanda bamia. Bamia haina maringo.”

Bamia? Pale? Mahali pa mwasumini wake? Zamda akafungua mdomo. Lakini Bibi akishika kiuno, nani atasema neno?

Zamda akaenda jikoni kumsaidia Bibi kumenya vitunguu saumu. Maganda yakaanguka. Kwaru, kwaru, kwaru.

Yalikuwa meupe. Mepesi. Yamejikunja kama maua ya asumini.

Zamda akayatazama maganda. Akautazama mwasumini. Akatabasamu upande mmoja wa mdomo.

Bibi alipogeuka, maganda yakaingia kwenye upindo wa gauni. Uzi wa Bibi nao ukaingia.

*Kwaru, kwaru, funga uzi.*
*Nyamaza kimya, Bibi asijue.*

Maganda matano, ua moja. Zamda akatengeneza maua matatu. Akayafunga kwenye ncha za matawi.

Ta! Ncha moja ikakatika. Ta! Ya pili. Ta! Ya tatu. Zamda akazificha nyuma ya debe la waridi. Maua akayafunga palepale chini kidogo.

Jumanne asubuhi Bibi akatoka na kopo la maji. Akasimama. Akasema, kumbe mwasumini umetoa maua, tena matatu kwa mpigo. Akasogeza pua. Akanusa.

Bibi akakohoa kidogo. Akaenda zake kuosha vyombo.

Zamda akaruka juu nyuma ya mlango. Halafu akaja mbio kuomba vitunguu vyote avimenye yeye. Bibi akampa bakuli zima, wala hakuuliza kwa nini.

*Kwaru, kwaru, funga uzi.*
*Nyamaza kimya, Bibi asijue.*

Safari hii maua saba. Na ncha saba. Ta, ta, ta, ta, ta, ta, ta!

Jumatano Zamda akaenda kuyahesabu maua yake. Moja, mawili, matatu, mpaka kumi. Kisha akaona la kumi na moja.

Lilikuwa jekundu. Kubwa kama kisahani. Limeshonwa kwa kipande cha khanga, na katikati lina kifungo cha shati.

Zamda hakulitengeneza hilo.

Akamtazama jogoo. Jogoo akamtazama. Lakini jogoo hajui kushona.

Jikoni Bibi alikuwa anaimba polepole. Mmm, mmm, mmm.

Alhamisi Bibi akachuma maua meupe matatu. Akayafunga na rehani. Akabandika kikuba kifuani, akakaa kibarazani, miguu ameinyoosha.

Mara akaja jirani yao, Bi Mwanjaa, kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Akanusa. Akanusa tena.

“Mwenzangu, umepika pilau?”

“Sijapika,” Bibi akasema, uso mkavu kabisa. “Nimevaa asumini.”

Akamsogezea kifua anuse vizuri.

Chiaaa! Bi Mwanjaa akapiga chafya mpaka mtandio ukamdondoka. Chiaaa! Akaenda zake anapangusa macho. Mbuzi ya nazi akaisahau.

Zamda akauma upindo wa gauni ili asicheke. Akacheka hivyo hivyo.

Halafu kicheko kikakatika. Bibi amenuka kitunguu mbele ya jirani. Kosa la nani? Na kesho ni Ijumaa.

Zamda akasogea. Akavuta upindo wa khanga ya Bibi.

“Bibi, hayo si asumini. Ni maganda.”

“Najua, mke mwenzangu,” Bibi akasema. Ndivyo anavyomwita Zamda akimtania. “Pua yangu imezeeka. Haijafa.”

Zamda akauliza, na lile ua jekundu je?

Bibi akatazama juu angani. Akasema labda ni kazi ya jogoo. Lakini kidoleni mwake kulikuwa na uzi mwekundu unaning'inia.

Kisha Bibi akauliza kwa nini Zamda hakusema tangu Jumatatu. Neno moja tu lingetosha.

“Ulishika kiuno,” Zamda akasema.

Bibi akajitazama. Na hata sasa ameshika kiuno. Akaiondoa mikono yote miwili, akaikalia.

“Haya, sishiki. Sema.”

“Usiung'oe mwasumini wangu.”

“Siung'oi.”

Basi. Ilikuwa rahisi hivyo.

Lakini siri moja ilibaki. Zamda akaenda nyuma ya debe la waridi. Akarudi na ncha kumi zilizokatika, zimenyauka. Akaziweka miguuni kwa Bibi, akafumba macho.

Hakusikia ukali. Akasikia, kikiki, kikiki. Akafumbua jicho moja. Bibi alikuwa anacheka mpaka bega linatikisika.

Bibi akamweleza. Mwasumini usiokatwa ncha huota majani tu. Ukikatwa, huchipua upya, na kwenye machipukizi mapya ndiko maua yanakokaa. Yeye Bibi alilijua hilo tangu zamani. Lakini kila akishika mkasi aliuonea huruma, kwa kuwa ni wa Zamda.

“Nimeudekeza,” Bibi akasema. “Kosa langu. Kisha nikautolea ukali.”

Bamia ikapandwa kwenye ndoo mbovu. Nayo ikakubali, haina maringo.

Wakaanza kungoja. Na kungoja bila kazi kunachosha. Kwa hiyo Bibi akashona maua ya vipande vya khanga. Zamda akatoboa vizibo vya soda kwa msumari, akavitungia uzi. Wakavitundika kila mahali, kwenye ukuta, kwenye kamba ya nguo, kwenye debe la waridi.

Safari hii hawakuvunja ncha hata moja.

*Kwaru, kwaru, funga uzi.*
*Nyamaza kimya, jogoo asijue.*

Jogoo akajua. Akala maua matatu ya vitunguu. Siku mbili nzima akiwika, kuku wanageuza shingo.

Wiki ikapita. Nyingine ikapita. Machipukizi yakatoka, ya kijani kibichi, laini kama sikio la paka. Nyingine ikapita tena.

Jioni moja Zamda alikuwa anatundika kizibo. Pua yake ikasimama. Ananusa nini? Si kitunguu. Si sabuni. Si mchuzi.

Akainama. Katikati ya maganda makavu kulikuwa na ua dogo jeupe. Halina uzi. Halilii kwaru. Pembeni yake mengine matatu yanafumbuka polepole.

*Hakuna kwaru, hakuna uzi.*
*Bibi, njoo! Njoo ujue!*

Bibi akaja, kijiko cha mchuzi bado mkononi. Akanusa. Safari hii hakukohoa. Akanusa tena, akafumba macho.

Wakachuma mawili, wakaacha mawili. Bibi akafunga kikuba kidogo sana. Asumini mbili, jani la rehani, na ganda moja la kitunguu saumu. Zamda mwenyewe alilitaka lile ganda.

Bibi akakiweka kikuba kando ya mto. Akamfunika Zamda khanga mpaka kidevuni.

Kikuba kikanukia maua. Kikanukia pilau kidogo pia.

Zamda akageukia dirisha. Nje mwasumini ulikuwa umesimama, na vizibo vyake, na khanga zake, na maua yake mawili.

“Shikamoo,” akaunong'oneza.

Upepo ukapita. Harufu ya asumini ikaingia dirishani, ikamgusa puani.

Marahaba ilikuwa ndiyo hiyo. Zamda akaisikia, akalala.