Blanketi la Atyang

Jumatatu hiyo Akiteng alifungua kibanda chake cha ushonaji pale Malaba saa mbili na nusu, mvua ikinyesha tangu alfajiri. Alipitisha mkono kwenye rafu ili apanguse vumbi, na mkono ukakutana na joto. Blanketi moja la mtoto, la viraka vya vitenge, lilikuwa na joto la mtu aliyeondoka sasa hivi. Mengine yote yalikuwa baridi. Alilikunjua. Katikati, pamba ilikuwa imebonyea, shimo dogo lenye urefu wa mkono wake kutoka kiwiko hadi vidole.

Akajiambia ni paka. Paka wa Malaba husingiziwa mengi. Ila kibanda kilikuwa cha mabati pande zote, na kufuli alikuwa amelifungua mwenyewe.

Akiteng alikuwa na mimba ya miezi minane. Mbili za kwanza zilitoka, moja ikiwa na miezi minne na nyingine sita, na hii ya tatu aliibeba kama mtu anayesafirisha mayai kwa boda boda. Kila asubuhi, akianza tu kukanyaga cherehani, mtoto tumboni alishikwa na kwikwi. Kwi, kwi, kwi, dakika nzima. Akiteng alicheka na kumwambia, "Umeamka, boss?" Hakuna kitu duniani alichokipenda kama kwikwi ile.

Aliwashonea watoto wa wenzake, kutoka Malaba hadi Adungosi, mablanketi, kofia na viatu vya kitambaa. Wake hakumshonea hata soksi, kwa sababu kwao mtoto haandaliwi nguo kabla hajafika. Teresa, msusi wa kibanda cha pili, alimtania kila siku. "Mganga hajigangi, mama. Wako atavaa gazeti?"

Lile blanketi lilikuwa na kisa chake, na kusema kweli kosa lilikuwa la Akiteng. Mwaka huo alikuwa ameanza kudarizi majina ya watoto, na wateja walifurahi sana. Lakini kwa Wateso jina halichaguliwi kibandani. Nyanya huchovya kidole kwenye ajono, ile pombe ya wimbi, akakitia mdomoni mwa mtoto mchanga huku akitaja majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine. Mtoto akinyonya, jina hilo ndilo lake. Akiteng alijua hayo yote. Hata hivyo Everlyne wa Amukura, mke wa binamu ya mumewe, alipomwomba aandike ATYANG huku tumbo lake likiwa na miezi mitano tu, aliandika, kwa uzi mwekundu, herufi nono.

"Nilimuota," Everlyne alimwambia. "Mama mrefu, nguo imelowa maziwa kifuani. Akasema nimuite Atyang."

Mtoto wa Everlyne alipozaliwa, nyanya wa ukoo, Tata Apeduno, alimtia kidole mdomoni. Kwa jina la Atyang mtoto alifunga mdomo mara tatu, akatema. Alinyonya kwa jina la Ajiko. Wiki hiyohiyo Everlyne alirudisha blanketi.

"Sitaki jina yenye imekataliwa ilale na mtoto wangu," alisema. "Fumua, upatie mwingine."

Akiteng alifumua herufi zote sita. Halafu, kwa kuwa ilikuwa kazi nzuri kuliko zote zilizowahi kutoka mikononi mwake, na kwa kuwa moyo wa mama una njaa yake, alilikumbatia blanketi juu ya tumbo akasema kwa sauti, akidhani yuko peke yake, "Wewe ndiyo utalalia hii."

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumatatu blanketi likawa na joto.

Jumanne kibanda kilinuka maziwa yaliyochacha na pombe ya wimbi. Teresa alichungulia akiwa na kitana mkononi, akauliza nani amemwaga ajono asubuhi yote hiyo. Jumatano saa sita mchana malori yalizima injini kwenye foleni ya mpakani, mtaa ukatulia, na katika utulivu huo Akiteng akasikia, kutoka kwenye rafu, sauti ndogo ya mdomo unaonyonya, inanyonya na kumeza na kuvuta pumzi kwa pua na kunyonya tena, polepole, bila haraka, sauti ambayo mama yeyote angeijua hata akiwa usingizini, na kila ilipovuta alihisi chuchu zake zikivutwa, mpaka akatazama chini akaona blauzi imelowa pande zote mbili.

"Akiteng," Teresa alinong'ona mlangoni. "Huyo mtoto wa nani ananyonya?"

"Hakuna mtoto hapa."

"Usinidanganye, dada. Namsikia."

Walilivuta blanketi kwa rula ya mbao, hakuna aliyetaka kuligusa. Jina lilikuwa limerudi. ATYANG, kwa uzi uleule mwekundu, lakini mafundo ya uzi yalikuwa upande wa nje, kama vile aliyeshona alikuwa amekaa ndani.

"Hii ni jini," Teresa alisema. "Wacha niichome."

Alilipeleka kwenye jiko lake la makaa. Pindo liliposhika moto tu, Akiteng alipiga yowe akaanguka magotini, kwa kuwa tumbo lake lilikuwa linaungua kutoka ndani. Teresa alilivuta blanketi akalizima kwa ndoo ya maji ya kuoshea nywele. Kwa siku mbili baada ya hapo kwikwi haikuja. Mtoto alicheza, ndiyo, lakini alicheza kwa mapigo ya ile sauti ya kunyonya. Akiteng aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

Ijumaa mumewe, Ejoku, alimpeleka Adungosi kwa Tata Apeduno. Bikizee alikuwa uani, anabambua njugu. Aliliona blanketi na kuwakataza wasiliingize ndani.

"Tata, wanasema ni jini," Akiteng alisema.

"Majini mnayajua nyinyi watu wa mjini. Huyu ni wetu." Alishusha sauti. "Alikuwa mke mwenza wa mama mkwe wangu. Alikufa na mimba, maziwa yameshatoka, tukamzika hivyo. Huyo hataki kukumbukwa kama wafu wengine. Anataka kuzaliwa. Everlyne alimfungulia mlango, mtoto akaufunga. Wewe umeenda ukamfungulia tena."

"Nifanye nini?"

"Ulimwita kwa sindano. Utamtoa kwa mkono."

Walikwenda kwenye kaburi la zamani, kilima kidogo kilichoota nyasi kando ya shamba la mihogo. Jua lilikuwa utosini. Akiteng aliketi chini akafumua blanketi lote, mshono kwa mshono, kiraka kwa kiraka, na Tata akamwaga ajono akisema na aliyelala pale kwa Kiteso cha kale. Mshono wa mwisho ulipoachia, pamba ilitoka imelowa maziwa, na kitu kikapumua kwa uchovu karibu na sikio la Akiteng. Wakazika kila kitu, hata uzi.

"Jina hilo usilitaje tena," Tata alimwonya. "Hata likikosekana lingine."

Kesho yake, kwenye cherehani, kwikwi ilirudi. Akiteng alilia kwa furaha mpaka Teresa akaja mbio na kitana.

Mtoto alizaliwa wiki tatu baadaye, msichana mzima, mwenye nywele nyingi. Lakini hakunyonya. Titi alilikataa, na maziwa ya kijiko aliyaacha yamwagike shavuni. Kwikwi tu ndiyo alikuwa nayo, na kila saa ikawa ndogo zaidi. Siku ya tatu hospitali ikashindwa, wakamrudisha nyumbani, na Tata akaletwa na kibuyu chake.

Alitaja majina kumi na moja. Mtoto hakufungua mdomo. Midomo ilikuwa imekauka, utosi umebonyea.

"Taja ile," Akiteng alisema.

"Hapana."

"Tata, atakufa!"

"Akienda, ameenda akiwa wako," bikizee alijibu, machozi yakimlengalenga.

Nani kati yetu angesikiliza? Akiteng alichovya kidole chake mwenyewe, akakitia kati ya ile midomo mikavu, akaita, "Atyang."

Kwikwi ilikatika katikati. Mtoto alifumbua macho, akamtazama sawasawa, akanyonya kwa nguvu mpaka kidole kikauma. Wanawake walipiga vigelegele, Ejoku akakimbia kutafuta kuku wa kuchinja. Tata Apeduno hakupiga kigelegele. Alichukua fimbo yake akaenda bila kula.

Atyang alinenepa. Hakuugua, hakusumbua, na kila mtu alimsifu. Akiteng alimbeba na kumwosha na kumwimbia, na siku moja tu, akimfunga kofia, ndipo alipogundua kwamba tangu alipopewa jina mtoto huyo hajawahi kushikwa na kwikwi.

Baada ya miezi miwili alirudi kibandani. Saa mbili na nusu. Mtoto amelala mgongoni, pumzi zake zikimgusa shingo. Akaketi, akatunga uzi, akaanza kukanyaga cherehani.

Kwi, ikasema rafu. Kwi. Kwi.

Mguu wake ukasimama. Alinyoosha mkono, akapapasa mablanketi yale baridi moja moja, hadi akafikia moja lililokuwa na joto.

"Umeamka, boss?" aliuliza, akilia, na maziwa yakashuka kifuani yakalowesha nguo.

Kwikwi ikaitika. Na mgongoni, yule aliyekuwa amelala akaamka, akaanza kulia kwa hasira, akitaka titi.