Miwani ya Kijani

Kila asubuhi Plamedie alifagia karakana ya baba yake katika komini iitwayo Kenya, mtaa wa mji wao, na kupanga vifaa vya kuchomelea. Papa Kasonde alikuwa na barakoa yenye kioo cheusi kwa moto wa umeme, na miwani ya kijani kwa moto mdogo wa gesi. Msichana huyo alijua tofauti yake vizuri kabisa: miwani ya kijani haikingi mwanga mkali. Ndiyo maana mimi siwezi kumtetea.

Siku moja mwezi ungepita kati ya dunia na jua. "Hapana muntu ya kuangalia jua yenyewe!" Madame Adolphine, mwalimu wao, alionya. "Tutatoboa karatoni na sindano. Mwangaza itapita mu tundu, itachora jua kidogo pa chini."

Lakini Plamedie alikuwa amekwisha kujigamba kwa wenzake kwamba ataleta barakoa. Asubuhi hiyo aliikuta usoni mwa baba yake, aliyekuwa akichomelea geti. Akaona haya kurudi mikono mitupu, akachukua miwani ya kijani.

"Hii njo ya Papa ya kusoudea, ya kuchomelea vyuma," alimwambia rafiki yake Bénie nyuma ya darasa.

"Haitanichoma macho?"

"Unaogopa kama mutoto mudogo ya maternelle, ya chekechea!"

Wenzao wakacheka. Bénie akavaa miwani, akakodolea jua huku Plamedie akihesabu hadi mia. Plamedie mwenyewe hakuangalia hata kidogo.

Bénie hakusikia maumivu, kwa sababu ndani kabisa ya jicho hakuna kinachouma. Kesho yake alishindwa kusoma ubao. "Iko nukta nyeusi. Inafunika kila neno minaangalia." Darasa zima likamwita Kipofu, na sauti ya Plamedie ikawa ya juu kuliko zote.

Nyumbani Bénie alisema aliangalia kwa kioo cha Papa Kasonde. Papa Kasonde akaapa kwamba kioo chake cheusi alikuwa nacho mwenyewe siku ile. Basi Bénie akaonekana mwongo, na nyanya yake, akidhani ni ugonjwa tu, akaanza kumdondoshea maji ya majani machoni. Siku ya tatu mayowe ya Bénie yalifika hadi karakanani. Plamedie akaziba masikio, ikawa kazi bure.

"Papa, Bénie hakusema bongo, hakudanganya. Ilikuwa ile ya kijani."

Papa Kasonde aliacha kazi, akambeba Bénie hadi hospitali. Daktari alimsafisha macho na kupiga marufuku yale majani. Baada ya wiki kadhaa jicho la kulia lilipona. La kushoto lilibaki na nukta yake, na daktari hakuahidi kitu.

Plamedie alipokwenda kuomba msamaha, Bénie aliuliza neno moja tu: "Na weye, uliangalia?"

"Hapana."

Bénie akageukia ukuta.

Njiani, akirudi na baba yake, Plamedie alilia. "Papa, jua iko mubaya."

"Jua haina bongo, haidanganyi muntu," baba yake alijibu. "Ilimuchoma dakika mbili. Weye ulijua kweli, ukanyamaza, ukamuchoma siku tatu. Kesho utasimama mbele ya darasa, utabaambia bote."

Kesho yake Plamedie akasimama, akawaambia.