Watu Tisa na Tiketi ya Kugeuza

Ndugu zangu wa Bunia, leo nawapa habari za Emérance, maana wengi wenu mlipita mlangoni pake na baadhi yenu mlinunua kwake. Jumatatu ile asubuhi alikuwa ameketi katika ofisi yake ndogo ya tiketi za ndege, mtaa wa nyuma ya soko, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, barabara ikianza kukauka baada ya mvua. Mume wake Kule alikuwa amempitia kumsalimu kabla ya kwenda kufungua duka lake la mabati. Simu zilikuwa kimya. Emérance alijisikia vizuri sana, na kusema kweli biashara ilikuwa inamwendea.

Iliyomwendea zaidi ilikuwa tiketi ya kugeuza. Kampuni ya ndege aliyokuwa anaiuzia ilileta jambo hilo mwaka uliopita: unalipa nyongeza juu ya bei, kisha unaruhusiwa kusogeza siku ya safari, au hata kumwachia mtu mwingine kiti chako kwa jina lake. Watu walilipokea kwa mikono miwili. Hapa kwetu barabara inafungwa leo na kufunguliwa kesho, mgonjwa anazidiwa, mfanyabiashara anangoja mzigo utoke Mambasa. Nani asitake tiketi inayokubali kusogezwa? Naye Emérance alijua kuuza, jamani. Anakutazama usoni, anakuuliza kama una hakika na wiki ijayo, halafu ananyamaza. Ukimya ule peke yake ulitosha kukufanya uingize mkono mfukoni.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mlikuwa hamlijui. Nyongeza hiyo ilitakiwa ipelekwe kwa kampuni, ndipo tiketi iandikwe kwenye mashine, yaani kompyuta ya kampuni, kuwa ni ya kugeuza. Miezi michache ilipopita, Emérance aliona kwamba wengi wanaolipia kugeuza hawageuzi kamwe. Akaanza kuwapima wateja kwa jicho. Blanchard, mnunuzi wa dhahabu anayeshinda njiani kati ya machimbo ya Kilo na Kisangani, huyo lazima atageuza, basi kwake alipeleka nyongeza yote. Wagonjwa, vilevile. Lakini wale wenye safari isiyosogea aliwakatia tiketi ya kawaida, akawaandikia kwenye risiti kwa kalamu yake "ya kugeuza", na nyongeza ikaingia kwenye mkoba wake. Mwaka mzima jicho lake halikukosea hata mara moja. Angekosea mapema angeshtuka na kuacha. Bahati mbaya alikuwa hodari.

Ikawa wifi yake Abigaël, mdogo wa Kule, amechumbiwa na Aimé, muuguzi wa Kisangani. Arusi ilipangwa kufanyika huko, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Watu tisa wa ukoo wangesafiri Ijumaa kwa ndege, na wangenunua tiketi kwa nani kama si kwa mke wa nyumba yao? Emérance aliwauzia wote tisa tiketi ya kugeuza, tena kwa kuwasisitiza. Na wote tisa aliwakatia ya kawaida. Alijiambia kwamba hakuna safari iliyofungwa kama ya arusi: mbuzi wa mahari wameshapokelewa, padri ameshatangaza kanisani Jumapili tatu mfululizo, nani tena atasogeza siku?

Basi Jumatatu ile, chai haijapoa, simu ikalia. Ni Abigaël, anasema huku anacheka na kuhema. Aimé alikuwa amepata barua ya kwenda masomoni Kinshasa, na alitakiwa kuondoka Jumapili ileile inayokuja. Padri amekubali kuileta arusi mbele. Ni Jumamosi hii.

"Tunaenda Ijumaa hii, yaya," alisema, maana ndivyo alivyomwita, dada mkubwa. "Muungu ni mwema. Siye tuko na tike ya kugeuza."

Kabla ya saa sita ofisi ilijaa ukoo mzima. Vigelegele, vicheko, watu wanaulizana nani atabeba mchele na nani atabeba kuku. Shangazi Solange, dada ya marehemu baba ya Kule, aliweka risiti tisa mezani na kuzipigapiga kwa kiganja kama anayemsifu mtoto. Emérance akafungua mashine. Nyuma ya ndege ya Ijumaa kulikuwa na viti kumi ambavyo kampuni iliviweka akiba kwa wenye tiketi ya kugeuza. Viti kumi vitupu. Vilikuwa haki ya watu wale waliokuwa wanacheka mbele yake, na yeye ndiye aliyewanyima.

Hapo ndipo angesema kweli, wapenzi wasomaji, na mambo yangekuwa madogo. Badala yake alisema kampuni inakataa, mashine imefungwa, ngojeni kesho.

Aliyekasirika zaidi alikuwa mama mkwe wake, Mama Dorothée, naye hakumkasirikia Emérance. Alikasirika kwa ajili yake. Alisema hao wa ndege wanamwonea mtoto wake kwa sababu ofisi yake ni ndogo, na kwamba wakionana uso kwa uso watajua yeye ni nani. Jumanne asubuhi alivaa vizuri, akazichukua risiti, akaongoza ukoo mpaka uwanja wa ndege bila kumwambia Emérance. Emérance alipopata habari alipanda pikipiki akamwomba dereva akimbize kadiri awezavyo, matope yakimrukia mpaka magotini, akitumaini kufika kabla yao.

Alichelewa kidogo tu. Alipoingia, Mama Dorothée alikuwa amesimama mbele ya karani wa kampuni, kijana mpole aitwaye Dominique, na ukumbi mzima unamsikia.

"Muke wa mutoto wangu alitukatia ya kugeuza," alikuwa anasema. "Mimi ninamujua huyu. Hawezi kudanganya mutu. Ni ninyi njo mulikula feza yetu."

Dominique hakubishana. Alimgeuzia Mama Dorothée kioo cha mashine, akamsomea majina moja moja, taratibu, na baada ya kila jina akaongeza neno "ya kawaida". Mara tisa. Kisha akasema kwa heshima, "Mama, huku nyongeza haikufikaka."

Wote wakamgeukia Emérance. Nitamsifu kwa hili moja: safari hii hakutafuta mlango wa nyuma.

"Ni mimi, mama," alisema. "Niliila."

Mama Dorothée hakupiga kelele. Alikaa kwenye benchi, akavua miwani yake na kuifuta, akaendelea kuifuta ingawa ilikuwa safi. Kule alitazama chini. Abigaël aliuliza kwa sauti ndogo kama basi atafikaje kwenye arusi yake mwenyewe, maana viti vya akiba havikuwa vyao na orodha ya waliokuwa wanangoja ilikuwa ndefu. Emérance aliona aibu mpaka akatamani ardhi immeze. Lakini palepale akakumbuka jambo, akatoka mbio akaipanda tena pikipiki ileile.

Blanchard alikuwa ofisini kwake anapima dhahabu. Alikuwa na viti vinne kwenye ndege ya Ijumaa, yeye na watu wake watatu, na Emérance alimwomba akubali viandikwe kwa majina mengine. Alimweleza sababu yote, bila kuficha. Blanchard aliweka mzani chini.

"Na zangu ziko za kweli?"

"Ziko za kweli."

"Juu ya nini?"

"Kwa sababu nilijua utageuza."

Alicheka. Kisha kicheko kikakatika, maana alikumbuka kwamba miezi mitatu nyuma alimpeleka dada yake ofisini kwa Emérance kununua ya kugeuza. Alitoa vile viti vinne, akasema dhahabu inaweza kungoja lakini bibi arusi hawezi. Akasema pia kwamba hatanunua kwake tena.

Ijumaa wakapanda ndege wanne: Abigaël, Mama Dorothée, Kule aliyesimama mahali pa baba, na baba mdogo ambaye angesema kwa niaba ya ukoo. Wakati huohuo mlangoni kwa Emérance kulikuwa na foleni. Watu walikuja na risiti zao, wengine za safari walizokwisha kusafiri, na kila mmoja alisema maneno yaleyale: "Niangalilie yangu." Hakuna aliyetukana. Alifungua mashine na kuwajibu mmoja mmoja mpaka jioni, na Jumamosi asubuhi kampuni ikamwondolea ruhusa ya kuuza.

Saa ya misa ilipofika, wale watano waliobaki walikusanyika uani kwa Kule, wamevaa kitenge kilekile cha arusi, kana kwamba wako Kisangani. Waliegemeza simu kwenye sufuria. Mtandao ulikuja na kuondoka, lakini "ndiyo" ya Abigaël waliisikia wazi, wakapiga vigelegele, wakainuka wakacheza mpaka majirani wakaja kucheza nao. Ilikuwa furaha ya kweli, na watano wale waliila nusu, maana nusu nyingine ilikuwa Kisangani.

Emérance alikuwa anagawa chakula. Alipofika kwa shangazi Solange, shangazi alimshika mkono, jasho la ngoma likimtiririka.

"Weye ulitutazama siye tisa," alisema, "ukaona hawa hawatageuza. Ulitutazama muzuri namna ile. Na haukuona kama tuko ndugu zako?"

Emérance aliweka sahani chini akalia. Hakuna aliyemkataza.

Fundisho kutoka kwa Emérance

Wapenzi wasomaji, anayelipia nafasi ya kubadili nia ananunua utulivu wa moyo, hata asipoitumia nafasi hiyo maisha yake yote. Ukimuuzia mtu kitu ambacho hukuwa nacho, usijifariji kwamba hatakihitaji, kwa maana kesho yake huijui wewe wala yeye. Wauzaji, pelekeni nyongeza za watu mahali zinapotakiwa. Wanunuzi, msitosheke na maandishi ya kalamu. Ombeni muonyeshwe jina lenu kwenye mashine, hata kama anayeuza ni mke wa ndugu yenu. Na ukikosea, sema siku ileile, kabla mama mkwe hajavaa vizuri kwenda kukutetea.