Wifi Amepatikana

Jirani yetu mshonaji alikuwa na sauti iliyomtangulia. Ulikuwa ukiisikia kabla hujafika mlangoni kwake, akiimba huku cherehani ikimfuatisha. Asubuhi hiyo pia aliimba, ingawa hakuna aliyemsikia. Redio ya sebuleni ilinguruma hadi vikombe vikagongana kabatini.

Redio ilikuwa ya mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu. Aliyeifungulia ni dada mkubwa wa mumewe. Alikuja kutembea siku chache, akakaa mpaka kochi likashika umbo lake. Rimoti ya televisheni, ya redio, na ya ile spika ndefu ya ukutani, zote alizikalia. Alizikalia kweli, chini ya paja. Mtoto akisinzia, sauti inapanda. Mteja akija kupimwa, sauti inapanda.

"Naomba upunguze kidogo, wifi."

"Wifi yako nani? Mimi sina wifi. Nina mdogo wangu, na kuna mshonaji anayekaa kwake."

Tangu harusi hakuwahi kumwita mwenzake wifi, hata kwa kuteleza ulimi. Na asubuhi hiyo aliongeza jingine, akichokonoa meno.

"Leo mdogo wangu anarudi. Nitamweleza habari za yule bwana anayekuja kupimwa suruali kila mara. Anza kufungasha."

"Lakini huo ni uongo!"

"Ni uongo, ndiyo. Atamsikiliza nani, mimi au wewe?"

Mshonaji aliacha cherehani. Alitoka, akarudi na fundi wa redio wa mtaa wa pili. Angalau mumewe akifika, wazungumze bila makelele.

Fundi alikuwa mcheshi. Alitoa kwenye mkoba rimoti moja nyeusi yenye kioo kidogo, iliyotengenezwa kutawala vifaa vyote. Televisheni ilikubali msimbo wa kwanza. Redio ilikuwa mbishi, ikabidi aiache rimoti ijaribu misimbo yenyewe, mmoja baada ya mwingine, hadi redio ikazimika. Nyumba ikapumua.

"Kitufe hiki chenye picha ya spika iliyokatwa mstari ndicho cha kunyamazisha," alimwonyesha mshonaji. "Kibonyeze, sauti inakatika. Kibonyeze tena, inarudi. Kilichozimwa kinawaka, kinachowaka kinazimika. Basi. Imebaki spika ndefu. Hiyo haisikii rimoti hivi hivi, mpaka ipitie wifi. Ngoja tutafute wifi."

"Wifi gani tena?" sauti ilitoka kwenye kochi. "Humu hamna wifi!"

Fundi alicheka peke yake. Kioo kilizunguka, kikazunguka, kikaandika:

WIFI AMEPATIKANA.

"Hee! *Imepatikana*, bwana," fundi alisema. "Waliotengeneza hii hawakufundishwa ngeli." Akakusanya vifaa vyake, akaenda zake.

Mshonaji alibaki akikitazama kioo. Wifi ya mtandao huwa *imepatikana*. Anayepatikana ni mtu.

Hakuwa na muda wa kuwaza. Nyuma yake spika ndefu iliwashwa kwa rimoti ya zamani, na juu ya muziki ule matusi yalikuwa yakimiminika. "Mwanamke gani huyu! Hata kwenu hawakukufunza kukaa na..."

Akaielekeza rimoti mpya kwenye spika. Akabonyeza.

Muziki uliendelea.

Matusi yalikatika.

Dada mtu alikuwa bado amefungua kinywa. Midomo ilikwenda. Mishipa ya shingo ilisimama. Hakikutoka kitu. Alijishika koo. Akapiga paja, na kofi la paja likasikika vizuri. Yeye hakusikika.

Mshonaji akabonyeza tena.

"...nimefanyaje? Nimefanyaje mimi? Umeniroga!"

Akabonyeza. Kimya.

Mshonaji alicheka. Hakuwa mtu wa kucheka hivyo. Aliivuta rimoti ya zamani chini ya paja la mwenzake, akaizima spika, akaketi mbele yake kama mteja.

"Mume wangu akifika," alisema polepole, "utamweleza nini? Hebu nieleze. Siku zote unasikika wewe. Leo nasikika mimi."

Yule mwanamke alishuka kochini. Akapiga magoti. Machozi yalimshuka hadi kidevuni, na midomo yake ikawa inatamka neno moja, tena na tena. Mshonaji aliinama kulisoma. Hakuyaamini macho yake.

*Wifi. Wifi yangu. Wifi.*

Kwenye kiganja chake rimoti ilitetemeka kidogo. Hakuiangalia. Neno hilo alilingoja tangu siku ya harusi, na moyo ukamlainika pale pale. Akabonyeza amrudishie sauti.

"...wifi yangu, nisamehe," dada mtu alilia.

*Yameisha, wifi,* mshonaji alisema.

Hakujisikia.

Alisema tena. Ulimi uligusa meno. Pumzi ilitoka. Sauti haikutoka. Ndipo alipokiangalia kioo.

MAWIFI WAMEPATIKANA.

Akabonyeza haraka. "Mungu wangu!" Sauti yake ilirudi, nzuri kama zamani. Mbele yake kinywa cha mwenzake kilifunguka kitupu. Kilichozimwa kinawaka. Kinachowaka kinazimika.

Walitazamana. Wote wawili walielewa.

Nje, honi ya lori ililia.

Dada mtu alimrukia. Walianguka juu ya vitambaa, wakavutana, wakang'atana bila aibu. Mfuniko wa rimoti ulichomoka. Betri zikabaki kwenye ngumi ya mshonaji. Rimoti ikabaki kwa wifi yake. Haikuwa na betri. Kioo kiliendelea kuwaka.

Kidole kikabonyeza.

Mume aliingia na vumbi la safari. "Mbona mko chini?"

"Kaa, mdogo wangu," dada alisema kwa sauti ya kubembeleza. "Kaa nikueleze habari za bwana wa suruali. Kama nasema uongo, mkeo yupo hapa. Muulize."

Akamuuliza. Akamuuliza tena. Mshonaji alitikisa kichwa mpaka kilemba kikaanguka.

"Usinitikisie kichwa! Nitazame, useme. Neno moja tu. Sema si kweli."

Midomo ilisema. Chumba hakikusikia. Kisha ukutani, kutoka kwenye spika ndefu iliyozimwa, sauti ya mwanamke ikaanza kuimba taratibu wimbo ule wa mshonaji wa asubuhi.

"Na hiyo spika izimeni," mume alisema, akaenda kusimama dirishani.

Baadaye mshonaji alimwandikia mumewe ujumbe kwenye simu, akamweleza yote. Alijibiwa mara moja tu: *Mbona ulipokuwa mbele yangu hukusema?*

Sasa anakaa chumba cha nyuma ya kwetu, yeye na mtoto. Anashona vizuri, ila cherehani inalia peke yake. Zile betri anaziweka kwenye kopo la vifungo, na kila niligusapo kopo lile, lina joto.

Juzi kaka yake mshonaji alimleta mchumba wake kupimwa gauni. Binti mwenye haya, mwenye sauti laini. Mshonaji alipomwona tu alinyanyuka, akaweka kidole mdomoni, akapunga mikono, akatikisa kichwa kwa nguvu. Binti alidhani ni utani wa kumkaribisha.

"Mbona hutaki hata nikusalimie," alisema akitabasamu, "wifi ya..."

Midomo yake iliendelea kwenda.

Ndani ya kopo, vifungo vilitetemeka.