Zamu ya Ruhani

Harufu ya udi ilianza adhuhuri, na chetezo kiko jikoni, kimepinduliwa, hakina kaa wala jivu. Ilitoka chumbani kwa Afra, ghorofa ya pili ya nyumba yao ya Kiponda, ikashuka ngazini taratibu kama mgeni anayeijua njia.

Hisham, mumewe, aliinusa, akatafuta viatu.

"Keshafika," alinong'ona. "Mie nnakwenda Fumba kwa shangazi."

Pande la mwanamme! Akinadi vitambaa Darajani, sauti yake inafika mpaka kwa wauza samaki. Nyumbani, moshi usio na moto ulimtoa mbio kila mwezi. Nisimcheke sana. Mimi ninayesimulia nimelala hoteli za Maskati na Bombay taa ikiwaka mpaka asubuhi, kwa kuogopa giza. Lakini mimi sikuoa.

Mamake Hisham, Bi Muzna, ndiye aliyeipa harufu ile jina: ruhani, jini mstaarabu aliyempenda Afra na anayedai zamu yake kama mke mwenza. "Muachie chumba, mwanangu. Akishiba ataondoka." Akishasema hayo huketi barazani kumsema mkaza mwanawe. "Miaka tisa! Hata mpapai ungekuwa ushazaa ukachoka."

Mwaka huo, 1998, Afra alikuwa na miaka thelathini na nane. Daktari Fiza, mwenye zahanati mjini, hakumzungusha.

"Mayai yako umezaliwa nayo, Bi Afra. Hayaongezeki. Kila mwaka yanapungua, na yanayobaki yanachoka. Homoni zako bado zinafanya kazi: ubongo unatuma amri, yai linakomaa, linatoka. Likishatoka uhai wake ni siku moja, pengine haifiki. Mumeo awepo siku hiyo na siku chache kabla yake. Tena aje naye apimwe."

"Haji. Dawa ya kuyarudishia ujana je?"

"Hakuna mtu aliye nayo. Anayekuuzia anakuibia."

Afra alirudi akipiga hesabu, na ilipotimia mwili ulimsisimka. Siku alizozitaja daktari ndizo siku za udi. Kila mwezi.

Harufu iliporudi, alikuwa anaingoja. Hisham alipotokea na viatu mkononi, alimsukuma chumbani, akafunga mlango, akautia ufunguo kifuani.

"Leo huendi Fumba."

"Afra, we! Atanivunja shingo!"

"Akuvunje. Yai langu halisubiri woga wako."

Udi ukazidi, ukawa mzito mpaka mwanga wa alasiri dirishani ukageuka rangi ya chai, na chini ya udi kukawa na harufu nyengine, ya kisima kilichofukiwa zamani, na kioo cha kabati kikatoka jasho, na chandarua kikaanza kuvutwa ndani na kuachiwa, kuvutwa na kuachiwa, kama kuna mtu anayepumua kwacho, mpaka Hisham akajikuta anapumua kwa kukifuata, na hapo sauti ya kiume, laini, ya mtu aliyeshiba, ikatoka kinywani mwa Afra bila midomo yake kutikisika.

"Hisham. Nani alikufukuza?"

"Samahani, sheikh... mama alisema..."

"Sijakwambia utoke hata siku moja. Mimi sili mayai, wala mtoto sina haja naye. Siku ya kwanza nilikuwa napita tu. Ukakimbia na kiatu kimoja! Nikasema, huyu lazima nirudi kumtazama. Nikachagua siku ambazo mbio zako zina hasara zaidi."

Mlango ukafunguka wenyewe.

Sauti ilipomtoka, Afra alishika kitanda asianguke. "Umemsikia," alisema, kwa sauti yake sasa, nyembamba. "Hajakuzuia. Kaa, Hisham. Kaa leo tu."

Hisham alimtazama mkewe. Akatazama chandarua, ambacho kilikuwa kimetulia kabisa, kama mtu aliyeziba pumzi asicheke. Kisha akatoka mbio, na safari hii hata viatu aliviacha.

Afra alisikia nyayo zikishuka, zikavuka baraza, zikapotea uchochoroni. Nyuma yake kitanda kikabonyea, polepole, kama anavyokaa mtu aliye kwao.

Hakugeuka.

"Haya," alisema. "Kaa wewe, basi."