Macho ya Mtu wa Plasta

Jumamosi moja ya Februari 1996, mjomba wangu Melkiori alikuwa akikaanga ndizi katika nyumba yao ya kupanga huko ughaibuni, mjini Hopkins, nami nilikuwa nimewatembelea. Theluji ilikuwa imeziba madirisha ya chini. Mkewe, Generosa, alikuwa akifuta vumbi kwenye kabati la vitabu, akafika kwenye sanamu ya kichwa cheupe iliyokaa juu yake.

"Mgeni wako huyu halipi kodi," alisema, "kazi yake kukodolea watu macho wakila."

"Mwache, Mama Wema," mjomba alijibu.

Kichwa kile kilitoka Ujerumani, katika chuo cha sanaa alikosoma mjomba miaka ya sitini. Kilikuwa chuo cha zamani, kilichoanzishwa na mwana wa mfalme, na kilishika desturi yake: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hachori mtu aliye hai. Anachora vichwa vya plasta, ule unga mweupe unaokorogwa kwa maji ukakaza kama jiwe. Ukumbi mzima ulijaa vichwa vya miungu, vya wafalme, na nyuma kabisa, nyuso za watu wa makoloni. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wanafunzi walivibeba hadi chini ya ardhi ili mabomu yasivivunje. Baadaye ilipokuja mitindo mipya, chuo chenyewe kikavitupa uani. Mjomba akaokota kimoja.

Hayo tuliyajua sote. Hatukujua zaidi.

Mchana ule binti yao mdogo, Wema, aliamka kwenye kochi akashindwa kufumbua macho. Alilia kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba yamegandamana. Generosa alimpangusa kwa maji ya vuguvugu. Kitambaa kikatoka na unga mweupe.

Akapangusa tena. Unga tena.

Generosa alikimbilia simu kuita gari la wagonjwa. Mjomba akanivuta jikoni. Ndizi zilikuwa zinaungua.

"Yule ni wa kwetu," alininong'oneza. "Kibandiko kilisema Kilimanjaro. Wajerumani walimmwagia plasta usoni akiwa maiti. Shingoni ana alama ya kamba."

"Sasa mjomba, mbona macho yake yako wazi?"

"Niliyachonga mimi. Profesa alitaka uso wenye uhai. Nilijua ni maiti wa kwetu, nikachonga. Nikapewa zawadi."

Kwetu, macho ya marehemu hufumbwa na mkono wa ndugu. Yeye, ndugu pekee aliyefika pale, aliyafumbua.

Kulikuwa na plasta ya kuzibia nyufa za ukuta. Nilishika bakuli. Akakoroga kwa kidole. Tulirudi kwenye kabati, akajaza jicho la kushoto la kile kichwa. Kisha la kulia. Akaomba radhi kwa Kichaga, kwa sauti ya chini. Plasta ikakaza.

Kutoka kwenye kochi, Wema alisema anaona.

Generosa alimkumbatia mtoto akalia. Mjomba alibaki amesimama mbele ya kabati. Nilimwambia akae. Akageuka.

Hakuwa na kope hata moja.

Tangu siku ile macho yake hayakufumbika. Alilala yakiwa wazi, Generosa akimtilia matone ya dawa. Alifariki 1999. Watu wa mochwari walijaribu kuyafumba. Padri alijaribu. Mimi mpwa wake nilijaribu kwa mkono wangu, nikashindwa. Tulimzika hivyo.

Kichwa ninacho mimi. Macho yake yamefumbwa vizuri. Ukipitisha kidole juu ya ile plasta, utagusa kope nyeusi, laini, zimeshikwa humo. Mwaka jana nilizikata kwa mkasi.

Zimeota tena.